Mashine ya kufulia ikigoma kuacha kujaa maji, anza na mtoto

Jumamosi moja nilikuwa kwa dada yangu, Kahama. Yeye alikuwa uani anachambua mchele, mimi nimekaa sebuleni na simu. Mwanawe wa miaka 4 akaja mbio huku anacheka: "Mama mdogo, bafuni kuna bwawa!" Miguu ilikuwa imelowa na kaptula inachuruzika.

Nilipofika bafuni nikakuta maji yanamwagika kupitia droo ya sabuni. Mashine ilikuwa imejaa na bado inaendelea kuvuta maji. Bafu lile halina soketi, hivyo umeme ulikuwa umevutwa kwa ekstensheni kutoka sebuleni, nayo ilikuwa imelala sakafuni. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kuifikia.

Hatukupata madhara. Lakini tangu siku hiyo nimeulizwa na wazazi kadhaa kuhusu tatizo hilihili, na wengi wanaanza na swali la kifaa gani kibadilishwe. Mimi naomba tuanze na mtoto.

Dakika ya kwanza

Kama maji yameshafika sakafuni, mtoe mtoto nje ya chumba kabla ya kugusa chochote. Usikanyage maji yaliyokaribia ekstensheni au soketi. Nenda kwenye meni swichi ukiwa umesimama pakavu, mikono ikiwa mikavu, uzime umeme wa nyumba nzima. Ndipo urudi kufunga koki ya maji na kuchomoa plagi.

Kama sakafu bado ni kavu, zima kwenye soketi, chomoa plagi, kisha funga koki. Usitumbukize mkono ndani ya mashine wakati plagi imechomekwa, hata kama imekaa kimya.

Ikitokea mtu amepigwa shoti, usimshike kwa mikono. Zima umeme kwanza, kisha ita msaada na umpeleke hospitali hata akisema yuko sawa. Umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kuacha kidonda kikubwa kwenye ngozi.

Mashine inajuaje kuwa imejaa?

Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kisukume ndani ya ndoo ya maji. Utahisi hewa iliyobaki ndani inakataa kubanwa. Mashine nyingi za otomatiki zinatumia ujanja huohuo. Kuna mpira mwembamba unaotoka chini ya pipa la nguo hadi kwenye swichi ndogo iliyo juu. Maji yakipanda, hewa ndani ya mpira inabanwa, swichi inahisi, na vali ya kuingiza maji inafungwa.

Mpira huo ukichomoka, ukitobolewa na panya, au mdomo wake wa chini ukizibwa na matope na sabuni iliyoganda, hewa haibanwi. Mashine inadhani ni tupu na inaendelea kuomba maji.

Zile mashine za mapipa mawili, zinazofua upande mmoja na kukamua upande mwingine, mara nyingi hazina ujanja huu. Wewe ndiye unayefunga koki, kwa hiyo usiiache ikijaa ukaenda dukani.

Jaribio la plagi

Ukishakausha sakafu na kutoa maji yaliyozidi, fanya jaribio hili mwenyewe. Plagi ikiwa imechomolewa, fungua koki kidogo na usikilize.

Maji yakiendelea kuingia bila umeme, tatizo liko kwenye vali. Haifungi. Huku kwetu sababu ya kawaida ni mchanga. Maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa na KASHWASA kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga yanatibiwa, lakini bomba likikatika mtaani na kurudishwa, mchanga unaweza kuingia. Tanki la nyumbani nalo hukusanya tope chini. Ndiyo maana pale mpira wa maji unapoingia kwenye mashine pana kichujio kidogo. Watu hukitoa ili maji yaende kasi, na mchanga unapita moja kwa moja hadi kwenye vali. Kisafishe kwa mswaki wa zamani, usikitupe.

Sababu nyingine ni tanki kuwa chini mno. Vali nyingi zinahitaji msukumo wa maji ili zifunge vizuri. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.3 hadi 0.5, yaani tanki liwe mita 3 hadi 5 juu ya mashine. Tanki lililowekwa juu ya matofali matatu uani halitoshi. Soma kitabu cha mashine yako.

Maji yakikatika mara tu plagi inapochomolewa, vali ni nzima. Mashine ndiyo inayoomba maji. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni ule mpira mwembamba, kisha swichi yake, na bodi ya umeme inakuja mwisho.

Kuna hali ya tatu: maji yanaingia muda wote lakini pipa halijai. Tazama mpira wa kutolea maji machafu. Wengi wetu tunaulaza sakafuni uingie kwenye ndoo, ili maji ya mwisho tudekie au tumwagie choo. Ncha ikiwa chini kuliko maji yaliyo ndani, yanajivuta yenyewe kutoka, na mashine inajaza bila mwisho. Ncha inatakiwa iwe juu, kwa mashine nyingi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na isibanwe ndani ya bomba bila nafasi ya hewa. Kama unataka kukinga maji, pandisha ndoo juu ya stuli imara.

Matope ya mgodini

Kwa dada, fundi wa kwanza alisema bodi imekufa na inunuliwe mpya. Fundi wa pili aliuliza kwanza: ukichomoa plagi, maji yanakatika? Yalikuwa yanakatika. Akafungua chini na kukuta mdomo wa mpira ule umezibwa na tope jekundu. Shemeji anafanya kazi kwenye machimbo madogo, na nguo zake zilikuwa zinatupwa humo pamoja na sare za chekechea.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria mashine. Kwenye machimbo madogo ya Kahama na Geita, wachimbaji wengi hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma. Zebaki hushika nguo. Inadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na walio hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo. Kwa macho huwezi kujua kama tope lililo kwenye nguo linayo au halina.

Kwa hiyo baba abadilishe nguo na viatu kazini, azifunge kwenye mfuko, asizikung'ute ndani ya nyumba wala kumbeba mtoto akiwa nazo. Zifuliwe peke yake, nje ya mashine ya familia, kwenye beseni lisilotumika kwa chakula wala kuogeshea watoto. Anayefua avae glavu, na asiwe mjamzito kama kuna mtu mwingine wa kufua. Maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mboga wala karibu na kisima. Mashine iliyokwisha kufua nguo hizo, mwambie fundi avae glavu kabla ya kuchokoa tope lake.

Ukimwita fundi

Mpe majibu matatu: bila umeme maji yanakatika au hayakatiki, pipa linajaa au halijai, na maji yanatoka tanki la urefu gani. Hayo yanaweza kukuokoa usinunue bodi ambayo haijafa. Mwombe pia apime kama waya wa ethi wa soketi hiyo unafanya kazi. Nyumba nyingi zina soketi yenye matundu matatu lakini nyuma ya ukuta waya huo haujaunganishwa.

Bei ya kuzibua mpira ilikuwa ndogo kuliko hata nauli ya kwenda kutafuta bodi mjini. Siku hizi ekstensheni ya dada imetundikwa ukutani, juu ya kimo cha mtoto, na mashine haiwashwi kama hakuna mtu mzima karibu. Nguo za shemeji zina beseni lake nyuma ya nyumba. Mtoto bado anauliza lini bwawa litarudi.