Mbachao na Msala Upitao: Kozi ya Mshahara au Kozi ya Kipawa?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, katika maboma ya Asumbi, kaunti ya Homa Bay, huzuka mjadala ule ule. Binti amepata alama za kupendeza katika Kiswahili na historia, na alama za kuridhisha tu katika kemia na baiolojia. Baba anataka uuguzi. Mjomba aliyeko Nairobi anapiga simu kusema kwamba uhandisi ndio wenye fedha. Binti mwenyewe, akipewa fursa ya kunena, hutaja ualimu wa lugha. Hatimaye maombi ya KUCCPS hujazwa kwa amri ya yule aliyetoa nauli ya kwenda saiba.

Ni makosa kuwacheka wazazi hao, kama ifanyavyo aghalabu katika kumbi zetu za mihadhara. Mtoto aliyesomeshwa kwa njugu, miwa na samaki hajisomei peke yake. Nyuma yake wamo wadogo zake wanaongojea karo. Kumwambia mzazi wa namna hiyo kwamba kipawa kifuatwe na riziki itajileta ni ufidhuli wa walioshiba. Haja ya mshahara ni haja ya kweli. Hitilafu imo katika hesabu yenyewe.

Ushahidi uko pale pale Asumbi. Chuo cha Walimu cha Asumbi ni miongoni mwa vyuo ambavyo, kwa miaka mingi, vilifunza walimu wa shule za msingi. Enzi hizo cheti cha ualimu kilikuwa sawa na barua ya ajira, kwa kuwa aliyehitimu alipangiwa shule na serikali. Mzazi aliyemshurutisha mwanawe kuwa mwalimu alikuwa amepiga hesabu barabara. Kisha, mwaka 1998, serikali ikasitisha utaratibu wa kuwaajiri walimu wote waliohitimu. Waliokuwa wameingia chuoni kwa ajili ya mshahara wakajikuta hawana mshahara wala hamu ya chaki. Waliopenda kufundisha nao waliteseka, lakini angalau walikuwa na ujuzi walioutaka, wakaweza kuutumia katika shule za binafsi au kwa vibarua vya bodi za shule. Tangu mwaka 2021 cheti chenyewe cha P1 kimepisha stashahada.

Atasema msomaji kwamba ualimu haukuwa mfano wa kozi ya fedha, na tuutazame udaktari. Naam, na tuutazame. Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma tena kwa siku 56 mwaka 2024, na katika mgomo huu wa pili ugomvi mkubwa ulihusu malipo na nafasi za madaktari wanagenzi. Kozi hiyo huchukua miaka sita. Anayeichagua leo kwa kutazama mshahara wa leo anasoma gazeti la jana ili ajue mvua ya miaka sita ijayo. Wahenga walionya kuhusu kuacha mbachao kwa msala upitao. Msala huu hupita upesi kuliko ile ya wahenga.

Ipo hoja nzito ya upande wa pili, nayo haifai kufichwa. Shaaban Robert hakuwa na shahada ya Kiswahili. Aliajiriwa na serikali ya kikoloni katika idara ya forodha tangu mwaka 1926, na fasihi ikawa kazi yake nyingine. Margaret Ogola, mzaliwa wa Asembo, ng'ambo ya ghuba kutoka Homa Bay, alikuwa daktari wa watoto alipoandika The River and the Source, riwaya iliyotoka mwaka 1994 na kutahiniwa shuleni baadaye. Basi kwa nini binti wa Asumbi asisomee uuguzi na kuandika usiku? Hakuna kinachomzuia, iwapo uuguzi anauweza. Ogola hakuwa mwandishi aliyejificha ndani ya koti la daktari. Aliwahudumia watoto mayatima wenye virusi vya UKIMWI kwa bidii ile ile. Alikuwa na vipawa viwili. Mwenye kimoja asilazimishwe kujifanya ana viwili, hasa pale ambapo kile asichokuwa nacho ndicho kitakachoshika sindano.

Idara za Kiswahili nazo zina lawama. Wapo wanafunzi walioletwa humo na pointi zilizopungua kwa sheria au uhasibu. TSC hudai wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Haiulizi kama mwombaji amewahi kumaliza riwaya moja kwa hiari yake. Mtu huyo atarudi kufundisha Rangwe au Migori, na watoto watajifunza kwake kwamba Kiswahili ni adhabu. Katika hotuba za tarehe 7 Julai tunajisifu kwamba Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi mwaka 2022. Ni fahari, ila fahari hailipi kodi ya nyumba, na anayeitaja mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne bila kuwaeleza kazi za ukalimani, uhariri na tafsiri hupatikanaje, na ni chache kiasi gani, anawauzia msala mwingine.

Suala hili sasa limeshuka hadi kwa watoto. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi huchagua mkondo wake akiwa gredi ya 9, kabla ya kuingia sekondari ya juu, na serikali imesema inataka asilimia 60 waelekee sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto wa miaka kumi na mitano atamwuliza nani? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hukodi basi kila mwaka kwenda kwenye makongamano ya mbali. Basi hilo hilo, siku moja ya muhula wa kwanza, laweza kufika Asumbi likiwa na wahitimu wawili: mmoja aliyepata kazi, na mmoja ambaye angali anaitafuta.