Si Bomu Lililomshinda Mjapani

Huku Nyakabuye, vita vya Mjapani vikitajwa, hakosi mtu wa kujigamba kwamba alimalizwa na urani ya jirani zetu wa Kongo. Kweli, urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Lakini bomu la Agosti 1945 lilimharakisha tu kusalimu amri. Kushindwa, alishashindwa zamani, na hesabu zake mwenyewe zilimponza.

Aliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, alidhani Wamarekani wakipigwa pigo moja zito wataomba mazungumzo. Akayaacha matangi ya mafuta na karakana za meli bila kuyagusa. Miezi sita baadaye, Midway, akapoteza meli nne za kubebea ndege.

Lakini anayetaka kuijua akili ile autazame mji wa Imphal, India. Machi 1944 Jenerali Mutaguchi Renya aliwavusha askari wake mto Chindwin, kutoka Burma kwenda India, wakiwa na chakula cha wiki tatu hivi. Imphal ikianguka, watakula maghala ya Waingereza. Akaswaga na maelfu ya ng'ombe wawe kitoweo njiani. Mfugaji yeyote wa kwetu angemkanya: ng'ombe hakimbizwi milimani bila malisho, wala havushwi mto mpana kwa pupa. Wengi walizama, wengine wakaporomoka makorongoni. Imphal haikuanguka, mvua kubwa zikaanza, naye akazidi kuamuru mashambulizi. Jenerali Sato, kamanda wa chini yake aliyeondoa kikosi chake mjini Kohima kwa kukosa chakula, akavuliwa ukamanda. Katika askari wapatao 85,000, karibu 30,000 walikufa, wengi kwa njaa na maradhi.

Waliofukuza mabaki yao katika bonde la Kabaw, kwenye tope na malaria, ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Waganga na wauguzi kutoka Kongo ya Kibelgiji nao walikuwako Burma, wakitibu majeruhi. Wengine hawakufika hata vitani. Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Wakafa watu karibu 1,300, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Anayesema bomu ndilo lililomaliza yote anawafuta watu hao, na anampa Mutaguchi udhuru asiostahili, kana kwamba alishindwa na sayansi. Walimu wetu waanzie Kabaw, ndipo waifikie Hiroshima.