Nani Atampima Daktari?

Familia iliyomsomesha kijana wake udaktari hufurahi mno siku anapovaa koti jeupe na kuripoti hospitalini kuanza mafunzo tarajali. Aghalabu furaha hiyo hutuziba macho tusiyaone yatakayomsibu baadaye.

Mwaka 2015 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zilizowahusu madaktari 17,560 walio mafunzoni. Takriban 29 katika kila 100 walikuwa na sonona au dalili zake. Wapo watakaodai kwamba vijana hao waliingia kazini wakiwa wameshaugua. Sivyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwafuata madaktari tarajali 740 tangu kabla hawajaanza kazi. Wakati huo waliofikia kiwango cha sonona hawakutimia 4 katika 100. Katika mwaka wa kazi wakawa, kwa wastani, robo ya wote. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hali hiyo ni wingi wa saa za kazi.

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha, na la mwisho ni fikra za kujidhuru. Alama huanzia 0 hadi 27, na anayefikisha 10 huhitaji kuangaliwa kwa makini. Dodoso halitoi hukumu. Aliyekesha wodini usiku kucha atasema hakulala, na hilo peke yake si ugonjwa. Ndiyo maana hapana budi awepo mtu wa kuzungumza naye baada ya karatasi.

Lakini ugumu hasa ni huu: nani atakayeyasoma majibu? Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, uliowahusu wanafunzi wa udaktari, ulionyesha kwamba kati ya waliokutwa na dalili, takriban 16 tu katika 100 walikwenda kutafuta tiba. Daktari Lorna Breen wa New York, ambaye hakuwa mwanafunzi bali mkuu wa idara ya dharura, alijitoa uhai Aprili 2020. Jamaa zake walieleza kwamba alihofia kupoteza leseni yake iwapo ingejulikana ametibiwa maradhi ya akili. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Machi 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilianza kuwapima madaktari na wanafunzi wake bila majina: mshauri hujibu, na mwenyewe huchagua kujitambulisha au kunyamaza. Twaona hiyo ndiyo njia ya busara.

Nchini Kenya, madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, na malipo ya tarajali yalikuwa kiini cha mgogoro. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Je, daktari kijana angelijibuje kwa ukweli lile swali la tisa?

Nasi majumbani tuna sheria zetu zisizoandikwa. Kijana akisema moyo umekuwa mzito, huambiwa imani yake imepungua. Hali Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi, akitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, wala hakumwita mgonjwa kafiri.

Basi hospitali itakayoleta dodoso hilo na iulizwe mapema: karatasi zitahifadhiwa na nani, je, msimamizi anayempa kijana alama za mafunzo ataziona, mshauri yupo siku ngapi kwa wiki, na zamu zitapunguzwa kwa saa ngapi.