Kushika Pesa Si Kuzijua

Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, kuna imani moja ambayo husikii mtu akiipinga: anayeshika pesa kila siku anazijua. Mwambie mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu, upande wa Kongo, ajipime ujuzi wake wa fedha, atakucheka. Ajipimeje, naye asubuhi amenunua kwa faranga za Rwanda, mchana ameuza kwa faranga za Kongo na dola, na jioni anarudi akiijua faida yake yote bila kugusa kalamu? Wako wenye shahada za uchumi wasioiweza hesabu hiyo. Mimi namvulia kofia. Imani yenyewe, hata hivyo, ni ya uongo, na watu wa wilaya yetu ya Rusizi wanailipia.

Mpaka ni mwalimu mkali mwenye somo moja tu: pesa hii ina thamani gani upande huu na upande ule, saa hii. Ukikosea kwenye daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza, unaumia siku hiyo hiyo, na kesho hurudii. Somo la pili, kwamba pesa ya leo si pesa ya mwakani, mpaka haulifundishi. Kosa la namna hiyo huja bila kelele, na mtu akishafilisika analaumu biashara mbaya au husuda ya majirani.

Chukua mkopo wa faranga 600,000 wa mwaka mmoja, riba 2% kwa mwezi. Mkopeshaji mmoja anaipiga riba hiyo kwenye mkopo wote hadi mwezi wa mwisho: 12,000 kila mwezi, jumla 144,000. Mwingine anaipiga kwenye deni lililobaki, nalo linapungua kwa 50,000 kila mwezi: jumla 78,000. Wote wawili wametamka "mbili kwa mia", na kati yao kuna 66,000. Mchuuzi ambaye huwezi kumpunja faranga hamsini kwenye chenji anasaini karatasi hiyo bila kuuliza riba inapigwa kwenye nini. Kwa wale wa Banque Lambert, wakopeshaji wa mitaani wasio na leseni, mambo ni mabaya zaidi. Kumi kwa mia kwa mwezi inasikika kama kitu cha kuvumilika. Usipolipa, na riba ikazaa riba, 100,000 inakuwa karibu 314,000 baada ya miezi kumi na miwili.

Au chukua akiba. Aliyeanza mwaka 2023 na faranga milioni moja sandukuni alikuwa na thamani ya dola 930 hivi. Alipofungua sanduku Desemba, noti zote zilikuwepo, ila zilinunua dola 790 tu. Hakuna mwizi aliyeingia. Dola ilikuwa imepanda kwa karibu 18% mbele ya faranga, baada ya mwaka 2022 ambao mwishoni mwake bei za mijini zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya 20%. Wahenga walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye sanduku huyu alikuwa na daftari, na kila faranga imeandikwa humo.

Hata ikimina, ambacho ng'ambo wanakiita likelemba na Watanzania upatu, kina hesabu tusiyopenda kuisema. Anayepokea zamu ya kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Wa mwisho ndiye mkopeshaji, na katika mwaka kama 2022 alipokea kapu lile lile likinunua mchele mchache kuliko alioununua wa kwanza. Sikipigi vita kikundi: kinamlazimisha mtu kuweka akiba, na akifiwa kinamzika nduguye. Nasema tu kwamba wanaopanga zamu kwa kura wangefanya vizuri kujua wanachokipigia kura.

Tusijione wajinga peke yetu. Mwaka 2014 shirika la Standard & Poor's lilifanya uchunguzi uliowauliza watu zaidi ya 150,000 duniani kuhusu hesabu ya riba, riba inayozaa riba, kupanda kwa bei na kugawanya hatari. Ni mmoja tu kati ya watatu aliyeonekana kuyaelewa. Kugawanya hatari ndiko kunakonisumbua zaidi hapa kwetu. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki za mji ule zilifunga milango. Mwenye wadeni, stoo na akiba, vyote Bukavu, alikuwa ameliweka swali la kugawanya hatari kando miaka yote aliyokuwa akipata faida.

Najua jibu litakalokuja: basi tuleteeni semina. Hapana. Wapenzi wa semina wana imani yao nyingine ya uongo. Mwaka huo huo wa 2014 watafiti Fernandes, Lynch na Netemeyer walikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba mafunzo ya fedha yanaeleza sehemu ndogo mno, 0.1%, ya tofauti za watu katika kutumia pesa, na yakishapita muda yanasahaulika. Mama aliyefundishwa riba Januari hawezi kuikumbuka Septemba akiwa dirishani na mtoto mgongoni. Wala tusidanganyike na takwimu za FinScope za 2024, zinazosema 96% ya watu wazima nchini wanafikiwa na huduma za fedha. Hizo zinahesabu milango. Kujua kilichomo ndani ni habari nyingine.

Kipimo kinachofaa ni kile cha siku ya kusaini. Kabla hujaweka kidole, iwe ni Umurenge SACCO, chama cha akiba na mikopo cha sekta yako, au benki kubwa, tamka mwenyewe jumla ya faranga utakazokuwa umelipa siku deni litakapoisha. Ukishindwa, hujafaulu, hata kama unabadilisha pesa za nchi tatu kichwani. Hapo mwombe afisa aandike jumla hiyo kwenye karatasi, na aeleze riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio. Rwanda ina sheria ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2021, kwa hiyo huombi hisani. Akinung'unika kwamba foleni ni ndefu, mwachie foleni yake, nenda dirisha la pili ukaulize swali lile lile.