Mbona Hatusalimiani?

Acha tuseme, maana kila mmoja wetu anaguna chini chini. Siku hizi simu ikiita na jina ni la binamu ambaye hamjaongea tangu arobaini ya babu, moyo unakwambia: mchango huo. Na kweli. Kabla hujaitikia shikamoo umeshaingizwa kwenye kundi, orodha imeshabandikwa, jina lako liko namba 43, sehemu ya ahadi ipo wazi, na mweka hazina anawakumbusha "wapendwa" kwamba siku zimekwisha. Tunatoa. Sendofu tunatoa, harusi tunatoa, kipaimara tunatoa. Shughuli ikiisha kundi linavunjwa, na binamu anapotea mpaka shughuli nyingine.

Tangu 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Ukoo mzima unaingia na nafasi inabaki. Sasa tazama kinachosemwa humo. Asubuhi ni picha ya waridi na kikombe cha chai, ambayo aliyeituma naye katumiwa. Mchana ni video ya mahubiri ambayo hakuna anayeimaliza. Jioni kuna msiba: pole sana, pole sana, pole sana, vimikono thelathini, kisha mtu anauliza mechi ni saa ngapi. Mfiwa anazisoma zote peke yake gizani.

Wenye umri wetu tunakumbuka kadi za salamu. Kabla ya redio binafsi kuanza miaka ya 1990, huku Bara tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam tu. Ulinunua kadi, ukaandika kwa herufi za kujikaza majina ya watu wako: mjomba wa Tukuyu, shangazi wa Kilosa, fundi cherehani aliyehamia Tanga. Ukaiposti, ukasubiri wiki, pengine mwezi. Betri zilipochoka tulizianika juu ya bati, redio isije ikazimika siku yetu. Jina likisomwa, uwanja mzima ulipiga vigelegele. Kulikuwa na kipindi kizima, Ugua Pole, cha kuwasalimu wagonjwa. Mtu amelala wodini anasikia jina lake, anajua kuna aliyekaa chini, akamkumbuka, akanunua kadi.

Hatutamani kusubiri tena mwezi mzima. Lakini sasa salamu inafika papo hapo, na salamu yenyewe hatuna. Hodi nayo imekufa: mgeni anafika getini anapiga simu, "Nipo nje." Kahawa kijiweni inapoa vikombeni huku kila mtu ameinamia kioo chake. Mzee akiuliza habari za nyumbani anajibiwa "poa", kichwa hakijainuka. Na mzee mwenyewe siku hizi haulizi mara ya pili, haulizi watoto, haulizi mvua imenyeshaje huko, maana ameona kwamba hakuna anayemsikiliza.

Mwezi uliopita kundi la mtaa lilitangaza kwamba mama mmoja ana wiki mbili yupo ndani, hajiwezi hata kuchota maji. Tukaandika "Ugua pole", sote, na vimikono.

Yule mama tumepanga naye nyumba moja. Ukuta kati yetu ni wa tofali za inchi sita.