KITI NI CHA WALE WALIOCHAGUA

Wandugu wafanyakazi wa mgodi, wababa na wamama wa site na wa makambi,

Kuna wakubwa wanaosema: kazi ya raia ni kutia karatasi ndani ya sanduku, basi, kisha hapo wao wenyewe watatazama nani aingie ndani ya baraza na nani abaki inje. Sisi tunasema: hapana! Na mtu asituambie kwamba maneno haya ni ya Kongo tu. Tutazame Marekani, inchi inayojisifu kufundisha dunia yote demokrasi.

Julian Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940. Baba yake alikuwa mkuu wa chuo kikubwa. Mtoto wa namna ile angeweza kutafuta kazi nzuri na kunyamaza. Hakunyamaza. Mwaka 1960, katika Atlanta, yeye na wanafunzi wenzake waliingia kukaa mahali pa kula palipokatazwa kwa watu weusi, polisi wakamkamata. Mwaka ule ule alikuwa mmoja wa wale walioanzisha SNCC, umoja wa wanafunzi wa kupigania haki.

Mwaka 1965 watu wa Atlanta wakamchagua kuwa depite katika baraza la jimbo la Georgia. Lakini mbele ya kuapa, tarehe 6 Januari 1966, SNCC ilitoa barua ya kukataa vita ya Vietnam. Siku tatu mbele, kijana wao Samuel Younge aliuawa kwa risasi huko Tuskegee, juu ya kutaka kutumia choo cha wazungu. Barua ilisema Leta ya Marekani inadanganya inaposema inapenda uhuru wa Wavietnam, sawa inavyodanganya juu ya watu wa inchi zingine. Kati ya inchi zile, wandugu, waliandika jina la Kongo! Bond hakuandika barua, lakini alipoulizwa alijibu wazi: ninaikubali.

Tarehe 10 Januari, depite 184 wakamfungia mlango; 12 tu wakamtaka. Walisema hawezi kuapa kwa moyo wa kweli. Naye alikuwa tayari kuapa! Nani aliwapa mizani ya kupimia moyo wa mtu? Shaba inapimwa kwa kilo. Moyo haupimwi.

Wengine watasema: depite wa jimbo ashugulike na barabara na shule, Vietnam inamhusu nini? Tunawajibu: vijana waliopelekwa kufa kule walitoka katika njia zile zile za Atlanta. Depite anayeona watoto wa watu wake wanachukuliwa, akafunga kinywa, analipwa mshahara wa bure.

Watu wake hawakuchoka. Wakamchagua mara ya pili; wakubwa wakakataa tena. Wakamchagua mara ya tatu. Tarehe 5 Desemba 1966 waamuzi wote 9 wa tribinali kubwa ya Marekani wakakata neno: baraza halina ruhusa ya kumfukuza depite juu ya mawazo yake. Januari 1967 akaapa. Akakaa katika baraza lile, na kisha katika seneti ya jimbo, mpaka 1987.

Mwaka 1986 alitaka kwenda baraza la inchi yote, akashindwa na John Lewis, mwenzake wa zamani wa SNCC. Hapo hakuna aliyeibiwa, kwa maana wachaguzi wenyewe walisema. Kushindwa kwa kura ni haki. Kufungiwa mlango na wakubwa ni wizi. Bond aliendelea kufanya kazi, akaongoza NAACP toka 1998 mpaka 2010, akafa mwaka 2015.

Wandugu, tushike fundisho hili. Anayetaka kumtoa depite wetu angoje siku ya uchaguzi, aje hapa site, aombe kura kwetu. Na kama wakimfukuza kabla ya siku ile, tufanye kama watu wa Atlanta: tumrudishe, na tena tumrudishe, mpaka mlango uchoke!