Amri ya Hakimu Isiishie Mlangoni

Majirani zangu wa Kiamaiko hapa Nairobi, nawaandikia juu ya sauti ambayo sote tunaijua. Huanza usiku: sufuria inagonga ukuta, mtoto analia, kisha kimya. Ploti zetu zimebanana na korido ni moja, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema hakusikia. Asubuhi tunakutana mferejini na madebe yetu. Mama wa chumba kile amejitanda leso hadi karibu na macho. Tunamsalimia, tunazungumzia bei ya unga, tunaondoka.

Yakizidi, wazee huitwa. Mtaa wetu unaishi kwa mbuzi. Wanashushwa hapa kutoka Marsabit, Moyale na kwingineko kaskazini, wanachinjwa, nyama inalisha nusu ya Eastlands. Si ajabu basi kwamba hata kosa la nyumbani hulipwa kwa mbuzi. Kuna wanaoita maslaha, kuna wanaoita kikao cha ukoo, na wengine humwachia mzee wa nyumba kumi. Wanaume wanaketi, mume anaomba radhi, faini inatolewa, mke anarudishwa chumbani kulekule. Mimi nawaheshimu wazee wetu. Wamezima magomvi ya madeni na ya mifugo ambayo yangemwaga damu. Lakini kwenye hili, aliyeumizwa mara nyingi hata hakai kikaoni, na mbuzi hajawahi kumfunza mtu kuuzuia mkono wake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha, ila inasema zisivunje haki za mtu. Mwanamke anayerudishwa apigwe tena haki yake imevunjwa, hata kama nyama ililiwa kwa amani.

Wapo waliojaribu njia ya pili. Nambari ya OB ya polisi, fomu ya P3, daktari, halafu Mahakama ya Makadara. Kesi inaahirishwa. Siku ya kibarua imepotea, nauli imetoka, na yule aliyeshtakiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Mwisho mama anaomba kesi iondolewe, na sisi tunasema alikuwa anamtishia tu mumewe. Tungemsikiliza vizuri tungesikia neno moja ambalo wanawake wengi hulisema: sitaki afungwe, nataka aache.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Kikao cha wazee hakina nguvu ya kumfanya aache. Mahakama ya kawaida inajua kumfunga au kumwachilia, na akitoka anarudi na hasira zilezile. Kuna mahali walikaa wakatafuta njia ya katikati. Mjini Whitehorse, katika eneo la Yukon nchini Kanada, tangu 2000 kuna mahakama ya ukatili wa nyumbani yenye mpango wa kumtibu mkosaji. Mshtakiwa anayekubali kosa mapema hahukumiwi papo hapo. Anaingia mafunzo ya kundi, anachunguzwa ulevi wake na hasira zake, na kila baada ya muda anarudi mbele ya hakimu kueleza amefika wapi. Pembeni, mke ana watu wake wa kumsaidia. Hukumu inamngoja mwisho wa safari, na hakimu anaitoa akiangalia alivyojibadilisha. Akitoroka mafunzo, sheria inaendelea naye. Huo si msamaha. Naona ni mzigo mzito kuliko faini, maana faini unailipa mara moja ukasahau.

Kenya hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alifungua Shanzu, Mombasa, mahakama maalum ya kwanza ya kesi za ukatili wa kingono na kijinsia, na nyingine zikafuata. Hizo zimelenga kesi zisikilizwe haraka na shahidi alindwe, jambo jema sana. Tena tuna Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisikia. Kwa sheria hiyo mwanamke, au mwanamume anayeumizwa, anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kungoja mwenzake ahukumiwe. Kumnyima mtu pesa kwa makusudi ili umtawale nako kumetajwa humo kuwa ukatili. Kinachokosekana ni mtu wa kuifuata amri hiyo hadi mlangoni, na mahali pa kumpeleka yule anayeamriwa kubadilika.

Niseme wazi mpaka wa mpango kama ule wa Whitehorse. Aliyemnajisi mtoto au aliyembaka mtu asipewe mlango huu. Kesi yake iende kortini moja kwa moja, na mzee yeyote asiiguse. Pia mke asilazimishwe kuketi chumba kimoja na aliyempiga eti wapatanishwe. Usalama wake kwanza, mafunzo ya mume baadaye.

Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Mmoja kati ya watatu, jamani. Hebu hesabu milango ya korido yako.

Kwa hivyo naomba. Kila mahakama ina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, nayo si ya mawakili peke yao. Twende Makadara tukaombe mpango huo wa mafunzo, tukiwa na chifu wetu, mashekhe na wachungaji wetu. Wazee, msifunge kesi ya kipigo kwa mbuzi. Mleteni mama kwenye dawati la jinsia la polisi na mkae naye hadi apewe nambari ya OB. Wewe uliyesikia usiku, kubali kuwa shahidi. Na anayehitaji msaada sasa hivi apige 1195, simu ya bure.

Nanyi wanaume wa kichinjio, mnaoamka kabla ya alfajiri na kusikilizana kuliko mnavyomsikiliza hakimu yeyote: mafunzo hayo yatahitaji watu wazima wa kuketi na wenzao kila wiki, watu ambao hawatacheka mwanamume akikiri alichofanya. Tunatafuta ishirini wa kuanzia, na chumba chenye mlango unaofungika. Mwenye chumba hicho, hata kama ni baada ya swala ya alasiri tu, amwambie mzee wa mtaa wake wiki hii.